Mtihani Nisiopaswa Kuuona

Mwalimu alipapasa kwanza ukingo wa meza yangu, akaiweka kompyuta juu yake, kisha akanipa masharti kabla hata ya kunieleza ugonjwa. Humo ndani kulikuwa na faili moja lenye jina la kwao alikozaliwa, Ikinga. Nisilifungue. Nisilifungue hata kwa kujaribu kama linafunguka.

Alikuwa haoni tangu utotoni. Alifundisha Kiswahili sekondari, na kompyuta yake ilikuwa na programu iliyomsomea kwa sauti kila kilichokuwa kwenye kioo. Mwaka ule shule kadhaa za jirani zilikubaliana kufanya mtihani wa pamoja, na zamu ya kutunga Kiswahili ikamwangukia yeye. Baadhi ya wenzake walinung'unika. Asiyeona, walisema, lazima asomewe na mtu, na mtihani ukishasomwa na mtu wa pili umevuja. Yeye akawajibu kwamba hatasomewa na mtu yeyote. Mtihani ulikuwa kwenye faili lile la Ikinga, na alitakiwa kuukabidhi jioni ya siku ile aliyokuja kwangu, lakini asubuhi alipowasha mashine ilikuwa bubu, na mkewe akamwambia kioo ni kitupu, programu zote zimetoweka.

"Sitaki iwe nzuri, binti," aliniambia. "Nataka iongee. Nikishindwa leo watampa mtu mwingine, na hawatanipa tena."

Nikamwambia itaongea. Niliahidi haraka, kama nilivyozoea kuahidi kila nilipoogopa.

Ufundi huu sikufundishwa na mtu. Niliupata kwa kufungua na kufunga mashine moja kuukuu iliyokufa, ambayo mjomba aliinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Kwa sababu hiyo sikuwahi kujiamini. Mteja akishaondoka nilibaki nikiwaza skrubu ambayo huenda sikuikaza. Mara moja nilimfuata mama mmoja mpaka nyumbani kwake ili nipange upya alama kwenye kioo cha kompyuta yake, zilikuwa zimekaa upande. Alinikaribisha chai, nadhani kwa kunihurumia. Chumba changu cha kazi kilikuwa katika mji mdogo wa Mpemba, kando ya barabara kuu, na kila lori lililosogea kwenye foleni ya mpakani liliitikisa meza, nami nikishika kila kitu kana kwamba nyumba inaanguka.

Programu hazikunisumbua. Kirusi kilichokuja na flashi ya shuleni kilikuwa kimezificha tu, nikazirudisha moja baada ya nyingine. Ile ya kuongea peke yake ilikuwa imeliwa, lakini Mwalimu alikuwa ameniachia sidii yake alipoondoka. Nikaiweka upya, nikawasha spika.

Ikatoka sauti kama mahindi yanayomwagwa kwenye karai la bati.

Nilibadilisha spika. Karai lilelile. Nilibadilisha waya, nikafuta vumbi, nikachomoa na kuchomeka kila kilichochomoleka. Mtu mwingine angesema imeongea, inatosha, mwenyewe atajua. Mimi sikuweza kumkabidhi Mwalimu sauti iliyopasuka namna ile, tena yeye ambaye kwake sauti ndiyo macho. Mwishowe nikaamua kuing'oa draiva ya sauti, ile programu inayoiwezesha kompyuta kutoa sauti, ili niiweke upya, safi.

Mashine ilipowaka tena haikutoa hata mlio. Nilijaribu sidii zangu zote za draiva, na zote ziliikataa kompyuta ile. Mwanzo nilikuwa na sauti mbovu. Sasa sikuwa na sauti kabisa.

Nikiwa katika hali hiyo pikipiki ikasimama mlangoni. Mwalimu alirudi akiwa amebebwa na mwalimu wa taaluma, yule aliyepaswa kuukusanya mtihani. Nikawaamkia. Kisha, kwa sababu sikujua kupamba maneno, nikasema kwamba programu zimerudi, lakini sauti ilikuwa mbovu, nimejaribu kuitengeneza na sasa imekata.

Vidole vya Mwalimu vilikuwa vinafungua na kufunga kifungo cha koti.

"Basi tusisumbuane," alisema wa taaluma. "Dada fundi yuko hapa, macho yake mazima. Akusomee, tuchape, tuondoke."

"Mitihani yote iliyowahi kuvuja pale shuleni ilitungwa na watu wenye macho," Mwalimu akajibu.

"Ndugu yangu, jua linazama. Mimi nitapeleka nini?"

Mwalimu akageuza uso upande wangu, akaniuliza kama kuna jambo lolote ambalo bado sijalijaribu.

Lilikuwepo moja. Ile mashine ya mjomba, chini ya meza, ilikuwa na kadi yake ya sauti, ya zamani kiasi kwamba niliwaza huenda kompyuta ikaitambua yenyewe bila sidii. Niliing'oa huku mikono imelowa jasho. Skrubu ikanidondoka, nikaitafuta kwa magoti, na wa taaluma akasogeza kiatu chake kunipisha. Nikaichomeka kadi, nikawasha, nikasubiri.

Mahindi yakamwagika kwenye karai.

Nilitaka kulia. "Nisamehe, Mwalimu," nikasema. "Bado inakwaruza."

Alikuwa ameinua mkono kuninyamazisha. Uso wake wote ulikuwa umelegea.

"Nani kakwambia inakwaruza? Inaongea."

Akanitajia ilichokuwa imesema: majina ya alama zote za kwenye kioo, kwa mpangilio wake, kutoka juu mpaka chini. Nikatazama. Ndivyo zilivyokuwa. Alikuwa ameiongeza kasi kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, kwa sababu ikiongea polepole anasinzia. Mipangilio yake ilikuwa imesalimika na kirusi, na mimi nilikuwa nimeshinda kutwa nikimtibu mtu mzima wa afya, mpaka nikamuua.

"Hiyo ni lugha?" aliuliza wa taaluma.

Mwalimu akaniomba nizime kioo. Akazungusha kitufe cha spika mpaka mwisho, akabonyeza kibodi, na mtihani mzima wa Kiswahili ukasomwa kwa sauti mbele yetu. Wa taaluma aliinama, sikio karibu ligusane na spika. Mimi nilijitahidi kunasa walau neno moja na sikunasa.

"Umesikia swali la pili?" Mwalimu akamuuliza.

"Sijasikia hata la kwanza."

"Basi na wewe umeshausikiliza, na haujavuja."

Wa taaluma akacheka kwa pua, akatoka nje mwenyewe. Mimi nikaunganisha printa yangu, nikatia karatasi, nikamfuata. Tulisimama tukiitazama barabara. Nyuma yetu tulisikia vitufe, halafu kimya kirefu ambacho nusura kinirudishe ndani, halafu printa. Nilijua printa ile huvuta karatasi upande. Nilijua wino wake hufifia ukingoni. Niliibana mikono yangu kwapani.

Mwalimu alitoka na bahasha iliyogundishwa. Wa taaluma akaipima mkononi, akaniuliza kama kurasa zimetoka vizuri. Nikamwambia sijui. Ilikuwa mara ya kwanza kazi kutoka kwangu bila mimi kuikagua.

Pikipiki ilikuwa inageuza nilipoingia ndani na kukuta karatasi moja imebaki kwenye printa, kifudifudi. Kama ilikuwa ya mtihani, bahasha ilikuwa pungufu, na kesho wale walionung'unika wangesema, "Si tulisema?". Ili kujua, ingetosha kuigeuza. Niliichukua hivyo hivyo ilivyolala, nikakimbia barabarani nikipiga kelele, nimeikumbatia kifuani.

Wakasimama. Nikaeleza huku nahema. Wa taaluma alinitazama nilivyoikumbatia.

"Hiyo ilikwama, nikachapa nyingine," Mwalimu akasema. "Kurasa zangu nimezihesabu. Ichome, binti."

Jirani yangu alikuwa anapika maandazi nje. Nikaisukuma motoni chini ya karai lake, upande mweupe juu, nikasimama mpaka ikawa majivu. Mtihani ulifanyika. Mwaka uliofuata walimpa tena Mwalimu, na mimi mpaka leo sijui kama kurasa zile zilinyooka.