Gavana Ndani ya Giaboksi

Walisema lori haliwezi kujibadilishia gia. Walisema kama jambo hilo lingewezekana, Wazungu wangelifanya kitambo, wasingemwachia mtoto wa Busia. Madereva waliosubiri kuvuka pale Malaba walinibandika jina la Bwana Diploma, na nilipopita kwa miguu walinipigia kelele: "Bwana Diploma, lori nakwenda lini? Ama nangoja ipate diploma yake?"

Diploma ilikuwa ya kweli. Niliipata Uingereza, nikisoma mchana na kuosha mabasi usiku, na hakuna aliyenisaidia kwa senti moja. Niliporudi, uhuru ulikuwa bado mbichi, nikajinunulia lori kuukuu la jeshi lililobaki baada ya vita. Injini yake niliitengeneza upya kwa mikono hii: nikatanua silinda, nikaweka kabureta mbili, nikachonga kamshafti, ule mhimili unaofungua vali. Ikapata nguvu mpaka ikayatafuna meno ya giaboksi yake kama muwa.

Hapo ndipo nilipoliona gari la Kimarekani lililopinduka njia ya Malaba. Lilikuwa limepondeka vibaya, lakini giaboksi yake ya otomatiki, ile inayojibadilishia gia yenyewe, ilikuwa nzima. Mjomba wangu wa Merikit aliuza fahali ili niinunue. Fahali huyo alikuwa wa mahari ya binamu yangu.

"Mpwa," mjomba aliniambia, "pamba utakayobeba ikiisha kuuzwa, nataka fahali amesimama hapa. La sivyo, mwanangu haoi, na mama yake atanifukuza nami nije kulala ndani ya hilo lori lako."

Nilikata bamba la chuma la kuunganisha injini na giaboksi, vikakaa pamoja kama sufuria na kifuniko. Siku ya kulijaribu, nusu ya Tororo ilikuja kutazama. Nikakanyaga mafuta. Kabla sijatoka uani, giaboksi ilikuwa imekwisha ruka hadi gia ya mwisho! Injini ikakohoa, lori likatetemeka kama mwenye malaria, likazima. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Nilielewa papo hapo. Giaboksi ilizoea injini ya upole, na yangu ilipata nguvu pale tu ilipozunguka kwa kasi. Nikawatangazia: "Kosa ni la gavana! Ndani ya giaboksi kuna kifaa kinachoitwa gavana. Yeye ndiye anayeamua gia ibadilishwe lini, na huyu anaamua mapema mno."

Mama mdogo wangu, aliyepika waragi, ile pombe kali ya kienyeji, nyuma ya soko, alishika kiuno. "Gavana? Si uhuru ulipokuja tulimsindikiza akapanda ndege? Kumbe alijificha hapa!"

"Mtoe!" watu wakapiga kelele. "Apewe tikiti!"

Sikumtoa. Nilimkondesha. Gavana ana vyuma viwili vidogo vinavyotanuka kadiri gari linavyokimbia, na vikitanuka vya kutosha, gia inapanda. Nikavipiga tupa vikawa vyepesi, ili vichelewe kutanuka. Nikajaribu, nikavitoa, nikapiga tupa tena. Kila nilipopita, watu waliuliza, "Gavana amekonda?" nami nikajibu, "Bado ana tumbo!" Mwishowe injini ikanguruma vizuri, gia ikapanda pale pale nilipotaka. Nililia kwa kicheko.

Likabaki joto. Nilipopandisha mlima na magunia ya pamba ya wakulima wa Kwapa, oili ya giaboksi ilichemka ikafuka moshi. Ilihitaji kupozwa, na bomba la shaba lililojipinda kama nyoka lilikuwa kwa mtu mmoja tu. Nikaenda nyuma ya soko.

"Mrija wangu wa waragi?" mama mdogo akauliza. "Nami nikae bila kazi?"

"Msimu mmoja tu, mama."

"Haya chukua. Ukiniharibia, nitapika waragi kwa kuni za diploma yako."

Nikaufunga mbele ya rejeta, penye upepo, oili ikapita humo ikapoa. Msimu mzima nilibeba pamba ya Kwapa na Merikit. Nikiwapita wale madereva wa Malaba mlimani, nilitoa mikono yote miwili dirishani kuwaonyesha kwamba sishiki gia yoyote. Dereva mmoja alivua kofia. Wengine waliniomba niwafunulie boneti.

Pamba ilipokwisha, nilimpelekea mama mdogo bomba jipya linalong'aa, akajiona humo kama kwenye kioo, akacheka. Kisha nikanunua fahali mnadani, mkubwa kuliko yule wa kwanza, nikampakia kwenye lori hadi Merikit. Mjomba alimzunguka, akampapasa nundu, akasema, "Huyu amekula vizuri kuliko wewe."

Binamu yangu hakungoja hata chai. "Kaka, usimshushe! Twende naye ukweni sasa hivi!" Mjomba akaruka juu, mkewe akafuata na vigelegele, majirani wakajazana pembeni mwa fahali. Nikakanyaga mafuta, gia ikapanda yenyewe, na kuanzia Busia hadi Tororo hapakuwa na mtu aliyenidai kitu.