Marehemu Baba Alisaini Kupokea Mzigo

Baba yangu tulimzika wenyewe. Jeneza nilishika upande wa miguu, uzito wake naujua.

Sasa niambieni, mtu huyo huyo alitokaje huko aliko, akaja kusaini mzigo getini kwetu?

Sitanii. Najua wanaonifahamu wameshaanza kucheka. Subirini kwanza.

Nyumbani wananiita Sinema. Chuo niliacha mwaka wa mwisho kwa sababu ya kipaji: naiga saini ya mtu yeyote. Darasa zima lilikuwa linalala hosteli, mahudhurio nawasainia mimi. Siku moja nikamsainia jamaa mmoja, kumbe kalazwa, na aliyempeleka hospitali ni mhadhiri mwenyewe.

Elimu yangu iliishia hapo.

Basi. Mdogo wangu ni nesi. Kwetu ndiye pekee aliyesoma akamaliza. Akapata kazi hospitali moja ya nje, huko huko aliko dada yetu mkubwa. Pasipoti akaipeleka ubalozini igongwe viza, wakamwambia itarudi kwa kampuni ya vifurushi mpaka mlangoni.

Bahasha yenyewe nyembamba tu. Lakini maisha yake yote yalikuwa mle ndani.

Kila jioni akirudi kazini, hata kiatu hajavua:

"Kimekuja?"

"Kimekuja. Nimekila na chai."

Ananirushia kiatu. Tunacheka.

Siku zikaenda. Utani ukaanza kuchacha. Mwisho tukafunga safari mimi na yeye mpaka ofisini kwao. Dada wa kaunta akabonyeza kompyuta, hata kichwa hakuinua.

"Kifurushi kimepokelewa."

"Na nani?" Nesi akauliza.

"Na mpokeaji."

"Mpokeaji ni mimi. Sijapokea."

"Mfumo unaonyesha umepokea."

"Dada," nikadakia, "huo mfumo wenu una macho au una mdomo tu?"

Hakucheka. Akaenda ndani, akarudi na karatasi, akaigeuza upande wetu.

Niliinama kuitazama.

Herufi moja kubwa, mkia wake unazunguka na kurudi nyuma kama mtu aliyesahau ufunguo. Mstari chini. Nukta mbili.

Saini ya baba. Ile ile ya kwenye ripoti zetu za shule. Ile ile ya kwenye karatasi za kiwanja.

Nesi aliitazama. Wala hakumuuliza kitu dada wa kaunta. Alinigeukia mimi.

"Kaka, leta pasipoti yangu."

"Nesi, haki ya Mungu..."

"Utani umeisha. Nimecheka. Haya, ha-ha. Leta."

Ningejitetea vipi? Mtu wa kuiga saini ni mimi. Siku mzigo ulipoletwa, yeye alikuwa kazini, mama alisema alikuwa kwenye kikao cha kikundi chao. Aliyekuwa nyumbani kalala kama gunia ni nani? Mimi.

Walipekua chumba changu mpaka ndani ya mto. Mama alisimama mlangoni kashika kiuno.

"Mwanangu, kama unayo toa tu. Mdogo wako anaumia."

Dada mkubwa akapiga simu kutoka huko nje, nikawekwa kwenye spika kama mshtakiwa.

"Hivi we Sinema unajua nilivyohangaika kumtafutia hiyo nafasi?"

"Dada, sijaichukua."

"Kila siku hujachukua wewe! Chumvi kwenye sukari hukuweka wewe! Simu ya kumtisha mjomba kwamba amefukuzwa kazi hukupiga wewe!"

Hayo niliyafanya, ni kweli. Lakini hili sikulifanya.

Nikalia. Mtu mzima na ndevu zangu nikalia mbele yao.

Nesi akanitazama, akatikisa kichwa. "Hata kulia unajua kuigiza."

Asikwambie mtu, hakuna kitu kinachouma kama kusema kweli kwa mdomo uliozoeleka kwa uongo.

Tarehe ya kuripoti ikafika, ikapita. Ile hospitali ikamwandikia kwamba nafasi amepewa mtu mwingine, wanamtakia heri. Walikuwa wapole sana, ule upole wa mtu anayekufungia mlango taratibu ili usisikie kitasa.

Kesho yake Nesi alipiga pasi sare yake, akaenda kazini kama kawaida. Mimi tangu siku hiyo hakunisemesha. Tukipishana ukumbini ananikwepa kama ndoo ya maji machafu.

Nikasema potelea mbali, nitamtafuta aliyeleta mzigo.

Wenzake wanamwita Breki, kwa sababu pikipiki yake haina. Nilimkuta stoo ya ile kampuni anapanga maboksi. Kisa chetu kilimtoa barabarani.

"Bro, niache," akasema hata kabla ya salamu. "Nimehojiwa mpaka naota naulizwa maswali."

"Moja tu. Ulimpa nani?"

"Mkono."

"Mkono wa nani?"

"Mkono! Geti lenu si lina kile kidirisha? Niligonga, kikafunguka, ukatoka mkono umejaa povu la sabuni. Nikaweka karatasi, ukasaini, ukachukua bahasha, kidirisha kikafungwa. Hata asante hakuna. Nikajua ni msichana wa kazi."

"Kwetu hakuna msichana wa kazi."

"Basi mnafua wenyewe, mimi sijui. Tena ni mtu wa mashoto. Mkono ulipita juu ya wino na povu lake, karatasi ikachafuka, bosi akanifokea mimi."

Nilianza kucheka. Nikaacha.

Kwetu mtu wa mashoto ni mmoja. Makofi yote niliyokula utotoni yalitua shavu la kulia.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, anafua.

"Mama. Mzigo ulipokea wewe."

Hakushtuka. Alikamua shati, akalikung'uta, akalitundika kwenye kamba.

"Kikao hukwenda."

"Nilikwenda. Nilichelewa kidogo."

"Na saini ya baba? Umejifunzia wapi?"

Hapo akanigeukia. "Baba yenu ndiye ambaye hakujifunza."

"Kivipi?"

"Hakujua kuandika hata jina lake. Alikuwa anaona aibu, na mimi nikamsitiri. Ile saini niliitunga mimi tulipooana. Ripoti zenu, karatasi za kiwanja, fomu zako za hicho chuo ulichokitupa, zote ni mkono huu. Mnavyomsifu baba yenu ana saini ya kibosi, mimi nipo jikoni nasikia."

Nikakumbuka. Ukimletea mzee karatasi ya kusaini, anaingia nayo chumbani, mlango anafunga. "Saini ya mwanaume haitazamwi," alikuwa anasema. Na sisi tukaona huo ndio ukubwa wenyewe.

"Kwa hiyo usiniambie nimeghushi," mama akasema. "Sijaghushi kitu cha mtu. Nimesaini saini yangu."

"Pasipoti iko wapi?"

Akanyoosha kidevu kuelekea pembeni, tunapochomea taka.

"Mama!"

"Usinipigie kelele. Wa kwanza nilimsindikiza uwanja wa ndege mwenyewe, nampungia huku nacheka. Baba yenu anazikwa, yeye anaangalia kwenye simu, na mtandao ukakatika kaburi halijafukiwa. Na huyu naye aende? Siku nikianguka bafuni, nani atasikia kishindo?"

"Mimi nipo."

Akaniangalia. Akacheka. Wala hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Wewe mwanangu ni wa kuchekesha."

Lingekuwa kofi ningejua pa kushika.

Nikamwambia: leo hii umwambie mwenyewe. Usipomwambia, namwambia mimi.

"Mwambie," akasema, akarudi kwenye beseni lake. "Tuone atamwamini nani."

Jioni tukawa watatu sebuleni. Chakula kiko mezani, hakuna anayekigusa. Nesi akaketi mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu yale yatokee akanisemesha.

"Kaka, sitaki ugomvi. Nafasi imeshakwenda. Nataka kujua tu ni nani, kati ya watu ninaolala nao nyumba moja."

Alinitazama mimi. Kisha, polepole, akamtazama mama.

Nikaona mama anachota mchuzi kwa upawa na kuumwaga tena bakulini.

Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Mwambie mdogo wako ukweli, mwanangu. Usikae na donge."

Sauti imetulia kabisa. Macho makavu. Nikasema kimoyomoyo, kumbe kipaji nimekirithi huku.

Lakini niliutazama tena ule upawa. Ulikuwa bado unachota na kumwaga. Nikajua nikisema lile neno, Nesi ataondoka usiku huo na hatarudi, na mama atazeeka ndani ya nyumba ile akisikiliza geti. Yule mwanamke alificha aibu ya mumewe maisha yake yote. Yake yeye ingefichwa na nani?

"Ni mimi," nikasema. "Nilitaka kukutisha kidogo. Halafu ikanipotea."

Nesi akashusha pumzi ndefu.

"Asante kwa kusema."

Kisha akamgeukia mama, akamshika mikono yote miwili. "Mama, nisamehe. Kuna siku nilikushuku wewe. Mungu anisamehe."

"Yameisha, mwanangu," mama akasema, anamfuta machozi. "Yameisha."

Akapakua. Kipande kikubwa cha nyama akaniwekea mimi.

Sikuweza kukimeza. Wiki ile ile nikahama.

Mnadhani mambo yaliishia hapo? Hata mimi nilidhani hivyo.

Miezi ikapita, dada mkubwa akapata hospitali nyingine inayotafuta manesi. Akampigia Nesi: omba pasipoti mpya, safari hii nitasimamia kila hatua. Nesi akakataa.

"Niende, mama nimwachie nani? Sinema?"

Dada ndiye aliyenisimulia, kwa kunisuta. Nilikaa kitandani na simu mkononi. Nilijitoa mimi ili mama asibaki peke yake, kumbe geti nimemfungia Nesi kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikampigia Nesi. Nikamweleza kila kitu: mkono, povu, mashoto, baba kutojua kuandika, moto wa taka. Sikuficha hata neno.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikasikia anavuta pumzi.

"Umeanza tena," akasema. "Na safari hii mpaka marehemu baba unamtukana."

Akakata. Kila mahali ameshanibloku, kwa hiyo hata haya hatayasoma.

Nyie mnaosoma, shikeni hili moja kutoka kwangu. Kuchekesha watu si dhambi. Ila weka angalau mtu mmoja ambaye hujawahi kumfanyia mzaha hata siku moja. Siku ya kweli utamhitaji, na siku hiyo ndiyo utakapogundua kama unaye.