Kiitikio cha Wimbo wa Saba

Albamu yetu ilikuwa na nyimbo tisa, na ule wa saba ndio ulioninyima usingizi.

Tulikuwa wawili tu, mimi na rafiki yangu wa kinanda, ingawa tulijiita bendi. Yeye alikuwa akiwapelekea madereva wa malori makaratasi yao ya forodha pale mpakani Malaba, na dereva mmoja akampa flashi yenye albamu ya bendi ya wazungu, ya zamani, kabla hatujazaliwa. Ngoma zilikuwa kavu kama mtu anayegonga mlango wa bati. Kinanda kilikuwa baridi, na mwimbaji aliimba kama mtu aliyeingiwa na hofu katikati ya dansi. Dereva alisema muziki wa namna hiyo unaitwa nyu wevu. Mimi shule niliiacha mapema na Kiingereza chao sikukifuata chote, lakini ile hofu niliielewa. Nikasema, hii ni Busia yetu kabisa, mji wa mpakani: watu wanacheza huku jicho liko mlangoni.

Basi na sisi tukaanza ya kwetu. Tulirekodi Tororo, kwenye chumba nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, magodoro yamefungwa ukutani kuzuia kelele. Jirani akiwasha mashine yake, umeme unashuka na kompyuta inazimika, kwa hiyo tulikuwa tunamsikiliza yeye kwanza, akinyamaza ndipo tunaimba. Nyimbo nane zilipita hivyo. Wa saba ulikosa kiitikio.

Kiitikio nilikitoa utotoni. Nilikumbuka wanawake wakiimba nyuma ya ua wa jirani aliyejifungua mapacha, sauti ikipanda na kushuka, tamu mno. Maneno sikuyajua. Sisi watoto wa kanisani tulikuwa tunafukuzwa kila maneno yalipokaribia, kwa sababu nyimbo za mapacha kwetu ni matusi matupu. Nikabaki na sauti bila maneno, nikaipachikia ya mapenzi, safi kabisa, hata mchungaji angeweza kuyaimba. Rafiki yangu akaiwekea kinanda chake cha baridi. Tukakumbatiana mle chumbani na jasho letu.

Wa kwanza kuusikia alikuwa dada yangu. Nilikuwa naishi kwake na mumewe, fundi baiskeli, mtu mpole sana. Dada alikuwa na mimba ya kwanza, miezi saba. Alikuwa anaweka simu juu ya tumbo, anaupiga wimbo, ananiita, "Njoo ushike, anacheza!"

Kisha shangazi yetu akaja kutoka Nagongera na karanga za mjamzito. Shangazi ni mama wa mapacha, na kwetu mtu wa namna hiyo akisema, watu wanaketi. Alikunywa chai, akasikia kiitikio, akaweka kikombe chini.

"Zima."

"Shangazi, huu ni wimbo wa albamu yetu," nikasema kwa fahari.

"Yenu? Kati yenu nani alizaa?" Akamtazama dada, akalitazama tumbo. "Hiyo wimbo ni ya mapacha. Haiimbwi bure. Umeita watoto wawili kwa hii nyumba, na hakuna mtu amewafungulia mlango."

Dada alicheka. Mimi pia. Lakini tangu siku hiyo simu haikuwekwa tena tumboni, na Jumanne, siku ya kliniki, dada alisema ana usingizi. Jumanne ya pili akasema mvua. Hapakuwa na mvua. Muuguzi alikuwa amemsisitizia arudi apigwe picha ya tumbo, maana miguu yake ilikuwa inavimba, na sasa ilikuwa imevimba mpaka kandambili zinamkata.

"Wakiniambia wawili?" aliniuliza, anachambua mboga, hanitazami.

"Mapacha ni baraka."

"Wakiitwa vizuri."

Sikujua kama naamini. Niliomba kwa Yesu, na nikiomba bado nasikia kiitikio. Nikimwona dada anashika kiuno, nasema ni mimi. Akilala mchana, nasema ni mimi. Nilimwendea rafiki yangu Malaba, nikamkuta kati ya malori.

"Tuufute," nikamwambia.

Akafikiri. "Ukiufuta si ndiyo umewafukuza? Umewaita, umewanyima mlango, halafu unawafukuza. Mimi siweki mkono wangu hapo."

Niliona ni kweli, nikazidi kuogopa. Nikapanda boda moja kwa moja hadi Nagongera.

Shangazi alikuwa anamenya karanga barazani. Hakushangaa.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Ndiyo shida yako. Hata wimbo uliimba peke yako. Ile inaimbwa na pande mbili, upande wa mama na upande wa baba. Wanatukanana mpaka aibu inaisha, ndiyo watoto wanajua hapa hakuna mtu anawekea mwingine kitu moyoni. Wewe uliweka nini pale kwa matusi?"

"Mapenzi."

"Mapenzi!"

"Tulikuwa tunafukuzwa, shangazi. Maneno yakianza tu, tunafukuzwa."

Alicheka mpaka ungo ukamtoka mapajani, karanga zikamwagika. Nikaziokota moja moja huku machozi yananilenga, nikamweleza kuhusu miguu ya dada na kliniki. Hapo akaacha kucheka. "Jumapili nakuja," akasema.

Alikuja. Akamkalisha dada kwenye mkeka uani, akanisimamisha mimi upande huu, shemeji upande ule. Rafiki yangu alikuwa ameweka simu kwenye kigoda, inarekodi. Shangazi akaanzisha wimbo. Ilipofika zamu ya shemeji, akabaki anasugua grisi kwenye vidole.

"Siwezi kumtukana shemeji yangu," akasema. "Huyu anakula kwangu."

"Basi anzia hapo!"

Shemeji akakohoa. "Wewe... tumbo lako ni kisima. Ugali wangu unaingia, hata kuanguka hausikiki."

Nilimtazama dada. Alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Nikavuta pumzi nikaimba, "Na wewe miguu yako ni spoku za baiskeli, dada yangu aliolewa na gurudumu!"

"Hayo ni ya watoto wa kanisa," shangazi akafoka. "Shukeni! Shukeni chini ya mshipi!"

Tukashuka. Yaliyofuata siyaandiki hapa, na shemeji, yule mpole, ndiye aliyenishinda. Sijui aliyatoa wapi. Majirani walikuja ukutani. Dada alikuwa amelala upande kwenye mkeka, anacheka anashika tumbo, anasema, "Basi, basi, mtanizalisha hapa hapa," na mimi nikisikia neno hilo nilipoa mwili mzima, nikaendelea kutukana kwa sababu shangazi hakuwa amesema tuache.

Jumanne dada aliamka kabla yangu, akachukua kadi yake ya kliniki mwenyewe. Nilimsindikiza. Alipoingia chumba cha picha, mimi nilibaki kwenye benchi na wajawazito, nikihesabu vigae. Rafiki yangu alinitumia ujumbe: ameyaweka matusi nyuma ya kiitikio, mbali kidogo, fundi wa kurekodi kule Tororo anauliza kama tuitoe albamu hivyo. Nikaitia simu mfukoni. Nilikuwa nautazama ule mlango. Muuguzi akatoka, akarudi ndani na mwenzake. Mama mmoja akaniuliza kama hii ni mimba ya kwanza ya mke wangu, nikaitikia tu ndiyo.

Dada alitoka taratibu, ameshika dawa za presha na karatasi. Amepangiwa kurudi kila wiki, bila kukosa. Akaketi kando yangu, akavua kandambili.

"Mmoja," akasema. "Mmoja tu, na anacheza vizuri." Kisha akanigeukia, jicho limejaa kicheko. "Sasa matusi yote yale mlikuwa mnamtukania nani?"