Zaburi ya Mia Moja na Nane Nyumbani Kwetu

Baba yangu alikuwa katekista wa mtaa wetu wa wafanyakazi, hapa Likasi. Kila Jumapili alasiri majirani walikusanyika kusali zaburi moja, juma hili nyumba hii, juma lijalo nyumba ile, kwa kufuata namba za kitabu. Hakuna kuruka. Katika jambo hilo baba alikuwa mkali kuliko padri mwenyewe.

Zamu yetu iliangukia zaburi ya mia moja na nane, nayo ni ya laana. Mtu aliyeonewa anamwomba Mungu afupishe maisha ya adui yake, na cheo chake kipewe mwingine. Jumatatu tukapata habari kwamba mtu wa chama tawala, jirani yetu wa kona, angekuja kusali nasi. Miaka ile watu walichukuliwa na askari kwa maneno madogo kuliko hayo. Mwana wa mjane wa nyumba ya nne alichukuliwa kiwandani mchana kweupe, na hakuna aliyethubutu kuuliza alipelekwa wapi.

Juma zima baba hakula vizuri. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, na kila mlango ulipobishwa nilikimbilia uani. Mama, mzaliwa wa familia ya Kiprotestanti kutoka Kasai, ndiye aliyepata njia. Kitabu cha baba kilifuata hesabu ya tafsiri ya Kigiriki, ambayo mwanzoni inaunganisha zaburi mbili za Kiebrania kuwa moja, kwa hiyo namba zake nyingi ziko nyuma kwa moja. Biblia ya mama ilifuata hesabu ya Kiebrania. Mia moja na nane ya mama haikuwa na laana; ilianza kwa mtu kuamka mapema kumwimbia Mungu.

"Soma yangu," mama alimwambia. "Namba ni ileile."

Baba alikubali. Nilifurahi, furaha ya mwoga.

Jumapili mtu wa chama aliketi karibu na mlango, abakosti yake, ile suti isiyo na tai waliyovaa watu wa chama, imepigwa pasi kweli kweli. Baba alisoma zaburi ya mama. Alipomaliza, wote tuliitika amina isipokuwa mjane. Hakujua kusoma, lakini zaburi alikuwa nazo kichwani kwa miaka mingi ya kuzisikia, na kumbe alikuwa akihesabu majuma kuifikia hii. Alisimama, akaanza kuitamka ile ya kitabu cha baba, polepole, bila chozi: maisha ya yule adui yawe mafupi, cheo chake kichukuliwe. Nilitamani azimie, aanguke, lolote, mradi anyamaze. Sifichi.

"Ule muntu banamulaani ni nani?" mtu wa chama aliuliza.

Mjane alifungua kinywa. Baba akamtangulia.

"Ni Yuda, citoyen," alisema, kwa neno la Kifaransa la "raia" ambalo chama kilitaka tuitane.

Akaeleza mbio mbio alivyofundishwa na padri. Wakristo wa kwanza walisali zaburi hizi kwa Kigiriki, na ndani yake walisikia sauti ya Kristo mwenyewe. Anayelalamika hapa ni Kristo, na adui ni Yuda, ambaye nafasi yake kati ya mitume alipewa mwingine. Hapakuwa na uongo hata chembe.

"Yuda si alikufaka zamani? Sasa munamulaani bado juu ya nini?"

"Ni sala tu, citoyen."

Mtu wa chama alimgeukia mjane. "Mama, ni vile? Ni Yuda?"

Mjane alimtazama baba. "Katekista alisha kusema," alijibu. "Ni Yuda."

Akaketi.

Kwa miezi kadhaa tulishtuka kila gari liliposimama mtaani. Hakuna aliyekuja. Mama alisema tumeokoka, na mimi nilimwamini. Lakini mjane hakuja tena kusali, si kwetu wala kwa mwingine, na baba alipokutana naye njiani aliinamisha macho. Siku moja nilishindwa kuvumilia. Nilimwuliza anaona haya ya nini, wakati aliyoyasema ndiyo mafundisho ya Kanisa.

"Ile siku Kristo alikuwa analalamika mu kinywa ya ule mama," baba alisema. "Na miye nilimunyamazisha."