Mfiwa Haingii Jikoni

Hapa Warrabeen, mji wetu mdogo wa wakulima nchini Australia, tunazika watu wengi kuliko wanaozaliwa. Wodi ya wazazi imegeuzwa makao ya wazee, timu yetu ya mpira imeunganishwa na ya mji wa jirani tuliokuwa tukiuzomea tangu utotoni, na watoto tuliowasomesha wako Melbourne wanalea mbwa. Silalamiki, nasema mambo yalivyo. Kitu kimoja tu hatukukubali kukipoteza: mtu akifa, tukitoka makaburini tunarudi ukumbini kunywa chai, na vitafunio vya chai hiyo hutengenezwa na watu wa hapa hapa. Jemadari wa kazi hiyo alikuwa jirani yangu, Valda Pickering.

Valda alikuwa mfupi, mkavu, na mdomo wake haukuwa na breki. Aliingia jiko lile akiwa bado bibi harusi, enzi ambazo wanawake walijaa humo mpaka wakapigana vikumbo. Kwake sandwichi ya yai ilikuwa jambo la heshima: mkate mwembamba, siagi mpaka pembeni, kingo zimekatwa. Vyakula vya trei kutoka supamaketi aliviita chakula cha watu wasio na kwao. Na alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: mfiwa haingii jikoni. Rafiki yake Nola alipofiwa na mumewe alijipenyeza humo na aproni, akisema kukaa bure kunamuumiza. Valda alimshika mabega, akamtoa, akafunga mlango.

"Leo ni zamu yako ya kulia, shoga," alimwambia. "Vikombe tuachie sisi."

Mume wa Valda aliitwa Lindsay, mkulima wa ngano, mpole hadi unakereka. Kwenye kila msiba, kabla wenye njaa hawajafagia meza, alichukua sandwichi moja, akaifunga kwa karatasi ya kujifutia mikono, akaitia mfukoni mwa koti. Valda alipotoka jikoni mwisho kabisa, miguu imemvimba na sahani zote tupu, Lindsay alimtolea ile sandwichi iliyobonyea. Tulimtania kwamba ni mtu wa kwanza kuiba chakula msibani mbele ya kasisi. Alicheka tu, na msiba uliofuata akaiba tena.

Miaka ikaenda, wanawake wa jikoni wakawa ndio wanaozikwa. Akabaki Valda na Nola, kisha Nola akavunjika nyonga, akawa wa kutembelea fremu. Wakati huo familia za Wafilipino zilikuwa zimekuja kufanya kazi kwenye shamba kubwa la nguruwe, na shule iliyotaka kufungwa ikapata watoto tena. Mwanamke mmoja wa familia hizo, Marivic Dimaano, alikuja kwenye mazishi ya mwalimu wetu wa zamani na sinia la tambi, akaomba kusaidia. Valda akamjibu kwamba jiko lina watu wa kutosha. Jiko zima lilikuwa na yeye peke yake. Lile sinia akaliweka mwisho wa meza, nyuma ya chombo cha maua. Nilimwambia siku ile kwamba ana roho ngumu, akaniambia nishughulike na pipa langu la maji ya chai. Marivic hakununa. Aliosha vikombe, na kila msiba akaja tena kuosha vikombe.

Halafu Lindsay akafa, akimwagilia nyanya zake, bomba likiwa bado mkononi. Nilikwenda kumpa Valda pole nikamkuta anachemsha mayai. Alisema hatamzika mume wake kwa chakula cha trei, wala hatamwomba mtu. Nikamkumbusha sheria yake.

"Ile ilikuwa sheria ya wakati watu wapo," alisema. "Sasa nani atamwandalia? Wewe, Mervyn? Wewe hata maji unayaunguza."

Hakulia, na hilo ndilo lililonitia hofu. Niliona wazi kwamba mwanamke huyu atapaka mikate siagi siku nzima, na mumewe ataingia kaburini bila yeye kupata nafasi ya kumlilia. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Nola, naye akashika simu.

Asubuhi ya mazishi Valda alifika ukumbini na kapu la mayai, aproni imefungwa juu ya gauni jeusi. Mlango wa jiko ulikuwa umefungwa, na ndani zilisikika sauti za wanawake na za visu. Akagonga. Marivic akafungua, akasimama palepale mlangoni.

"Nipishe, mwanangu, nimechelewa."

"Samahani, Mama Valda. Mfiwa haingii jikoni."

"Hiyo sheria niliitunga mimi."

"Ndiyo maana tunaifuata."

Valda akachungulia kando yake. Wanawake wa shamba la nguruwe walikuwa wamejaa humo mpaka wanapigana vikumbo, na Nola amekaa kwenye kigoda, fremu mbele yake, akiwaamrisha kama koplo. Valda akauliza kama kingo zimekatwa.

"Zimekatwa," Nola akajibu kutoka ndani. "Nenda kakae, shoga. Leo ni zamu yako."

Nilidhani atamsukuma Marivic. Badala yake alifungua aproni, akamkabidhi pamoja na kapu.

Tuliporudi kutoka makaburini alikaa kiti cha mbele, kati yangu na binti yake aliyetoka Melbourne. Hotuba za misiba yote iliyopita alikuwa amezisikia nusunusu kupitia kidirisha cha jikoni, zikichanganyika na kelele za sahani. Hii aliisikia yote. Mimi ndiye niliyeitoa. Nilisimulia jinsi Lindsay, gari lilipomharibikia, alivyokwenda kumposa Valda kwa trekta, na jinsi baba mkwe alivyomwagiza alime kwanza, kwa kuwa amekuja nalo. Valda akacheka, na kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti mbele ya mji mzima. Moyo wangu ukatulia kidogo.

Kisha chai ikaja, na kwa mara ya kwanza Valda alitengewa. Sandwichi za mayai zilikuwa katikati ya meza, na tambi kando yake, bila maua ya kuzificha. Watu wakala, watoto wa Kifilipino wakakimbizana chini ya viti, sahani zikawa tupu upesi kama kawaida. Valda alizitazama, kisha akatazama kidirisha, ambako Marivic alikuwa ameinamia vikombe.

Akanyanyuka. Akachukua sandwichi ya mwisho, akaifunga kwa karatasi ya kujifutia mikono, akaipeleka pale kidirishani.

"Shika," alimwambia. "Najua hujala."

Marivic akaipokea kwa mikono yenye povu. Valda akasimama palepale mpaka alipoona imeliwa yote, kisha akarudi kitini kuendelea kulia.