Insulini Kati ya Samaki

Mwanangu anaishi kwa sindano ya insulini. Mwili wake hauitengenezi tena. Sisi hatuna friji, basi chupa zake zilikaa kwenye mlango wa friji ya wifi yangu, dada mkubwa wa bwana wangu. Tunaishi parcelle moja, ua mmoja, hapa Ruashi. Yeye anauza tomson, samaki wa barafu, kwa hiyo ana friji na congélateur ya kugandishia.

Sekondari nilisoma biochimie. Insulini ni protini na ina ndugu zake: mmoja anakuza mifupa, mwingine analegeza nyonga ya mama anayezaa. Sura zinafanana, lakini hakuna anayeweza kufanya kazi ya mwenzake. Nilifundishwa pia kwamba ikiganda inaharibika, na kuyeyuka hakuirudishi. Nilimwambia wifi, ninayemwita yaya kwa kuwa ni mkubwa, "Yaya, baridi tu, isigande." Aliitika.

Courant ya umeme ilipoanza kukatikakatika, akahamishia chupa kwenye congélateur, katikati ya samaki. Kwake, dawa ya baridi ikiongezewa baridi inaongezeka nguvu. Alipokuta zimekuwa barafu, akaziyeyusha juani, akazifuta, akazirudisha mlangoni. Akanyamaza.

Mimi nikaendelea kumchoma mtoto dawa iliyokufa. Akanywa maji bila kushiba, akatapika, pumzi yake ikanuka kama tunda lililooza. Hospitali ilimrudisha kwa shida. Tulipotoka, familia ikaita kikao, kunihukumu mimi, eti nilimlisha mtoto pipi. Wifi aliketi pale, mikono juu ya mapaja.

"Bamama ba leo," akasema, "banapendaka kunyamazisha batoto na bonbon."

Nyumbani nikachukua chupa iliyobaki. Ndani vipande vyeupe vilielea, na karatasi ya boksi ilinuka tomson. Nikampelekea wifi.

"Njo ile tu?" akacheka. "Iliganda kidogo, nikaiyeyusha. Inatokeaka."

"Na kwa kikao ukasema ni bonbon."

"Mutoto si alipona?"

Siku ya soko nikaenda na mtoto mgongoni, nikaweka kiti kando ya meza ya wifi. Mteja wa kwanza akashika samaki, akauliza kama ni wa leo.

"Mama, muulize kwanza iliyeyuka mara ngapi," nikasema. "Courant ikikatika inayeyuka, ikirudi anaigandisha tena."

Mteja akanusa vidole vyake, akaweka samaki chini.

"Wewe, unaniharibia kazi," wifi akasema.

"Ni bongo, nasema uongo? Muambie basi ni bongo."

Jua likapanda, maji yakatiririka kutoka mezani, nzi wakaja. Kila aliyesimama nilimwambia yale yale, kwa sauti ya kawaida.

"Nihurumie," akanong'ona. "Tuko familia moja."

"Kwa kikao zilikuwa ngapi?"

Chupa mpya sasa ziko chumbani kwangu, ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga wenye maji, unaotunza baridi bila umeme. Wifi anajua ninachotaka: aite kikao kile kile, aseme kwa kinywa chake nani aligandisha. Mpaka siku hiyo, kiti changu kiko kando ya meza yake.