Sidni Niliyoisimulia Likunja

Sidni sijafika. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu kijijini kwetu Likunja, wazee wenzangu sasa, ambao kwa miaka miwili waliamini kuwa nimefika, na mimi ndiye niliyewaaminisha.

Wakati wa vita tulichukuliwa jeshini vijana wanne kutoka kwetu. Wawili walifika Burma na wakarudi. Wa tatu, jirani yetu, alifika Burma na hakurudi. Mama yake aliletewa karatasi ya serikali iliyosema hajulikani alipo. Wa nne ni mimi, niliyemaliza vita vyote kwenye kambi moja karibu na Nairobi, nikimenya viazi na kujifunza kuoka nyama. Wenzangu walipokaa barazani wakieleza mito, milima na mvua isiyokatika, mimi nilitazama chini.

Ujuzi huo wa viazi ndio ulionipa kazi Nachingwea, karanga zilipoanza kulimwa kwa matrekta. Nilimpikia fundi mmoja wa matrekta na mkewe, watu wa Australia, wenyeji wa Sidni. Nyumba waliyopewa ilikuwa ya mbao na bati, na upepo ukivuma vumbi jekundu liliingia mpaka ndani ya unga. Bwana alishinda shambani. Memsabu alibaki na mimi jikoni, na kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye, aliongea na mimi.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na Kiingereza changu cha jeshini, lakini tulielewana. Hakunisimulia katikati ya mji penye maghorofa. Alinisimulia kitongoji chao cha pembeni, mwisho wa njia ya tramu, gari lile linalopita juu ya reli barabarani. Nyumba zimepangwa safu, kila moja ina paa la vigae vyekundu, uzio mfupi ambao hata mbuzi angeuruka, na nyasi mbele ya mlango ambazo haziliwi na mnyama yeyote. Hilo nilimuuliza mara mbili. Wanazipanda, wanazimwagilia maji, kisha Jumamosi mwenye nyumba anazikata.

"Kwa nini, memsabu?"

"Usipokata, majirani watasema," alijibu, na tukacheka wote wawili.

Asubuhi gari la farasi hupita likiacha chupa za maziwa milangoni, wala hapana anayeziiba. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na mlimau. Ukishuka mtaa wao unafika baharini, mahali ambapo mwamba umechongwa kama beseni kubwa, na wazee wanaogelea humo hata wakati wa baridi. Siku moja alichukua penseli akanichorea mtaa ule, akapaka vigae rangi nyekundu, akanipa karatasi. Alikuwa akilia. Mimi niligeukia sufuria yangu.

Idi ya mwaka wa arobaini na tisa nilipewa ruhusa ya siku tano. Nikapanda lori mpaka Ruangwa, kisha nikaenda nyumbani kwa miguu. Baada ya sala tulikaa barazani, na mmoja wa wale wawili akaanza habari zake za Burma. Alipomaliza akanigeukia.

"Na wewe, mwenzetu, viazi vya Nairobi vilikuwaje?"

Watu walicheka, na hakikuwa kicheko kibaya. Lakini nilikuwa nimevaa shati jipya, na uso uliniwaka.

"Nairobi nilikaa mwanzoni tu," nikasema. "Mwishoni tulipakiwa melini. Tukafika Sidni."

Nikawapa tramu. Nikawapa nyasi za kukatwa Jumamosi, maziwa mlangoni, wazee ndani ya beseni la mwamba. Kila walichouliza nilikuwa na jibu lake, na jibu lilikuwa la kweli, ila si langu. Sijawahi kusikilizwa namna ile tena.

Alasiri mama wa yule jirani aliyepotea alikuja nyumbani kwetu, pamoja na mke wa mwanawe.

"Mwanangu, nasikia ulifika mbali kuliko wenzako."

"Ndiyo, mama."

"Huko hukumwona mwenzako?"

Ningesema sikumwona, wangerudi kwao. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini tangu asubuhi nilikuwa mtu aliyeona kila kitu, na sikutaka kuacha kuwa mtu huyo.

"Nilimwona," nikasema. "Aliumia mguu, wakampeleka kule kutibiwa. Amepata kazi ya kukata nyasi."

Nikatoa ile karatasi mfukoni. "Anakaa kwenye nyumba hii."

Mama aliweka kidole juu ya paa jekundu na akacheka kwa sauti. Mkwewe ndiye aliyeuliza, "Mbona haandiki?"

"Barua za mbali zinapotea, shemeji."

Karatasi nikamwachia mama.

Kesho yake mama yangu mzazi aliniambia nisilolijua, na aliniambia kwa furaha. Wiki ile ile sheikh alikuwa ameshasema kuwa miaka minne ya kumngoja aliyepotea imetimia, yule mke akae eda, kisha awe huru. Mwanamume mmoja wa Mandawa aliyefiwa na mkewe, mkulima wa ufuta, alikuwa tayari kuleta posa. "Sasa wameahirisha yote," mama alisema. "Hata hitima haisomwi tena. Umewafanyia jambo kubwa."

Nilifunga mzigo wangu. Nilimwambia lori linanisubiri Ruangwa, ingawa lori langu lilikuwa la kesho kutwa.

Miaka miwili sikurudi. Nilituma sukari nyumbani, na pakiti moja kwa yule mama. Alituma salamu za shukrani na swali kama nina habari mpya. Memsabu aliwahi kuniuliza kama watu wa kwetu wanapenda habari za Sidni. Nikasema wanazipenda sana, naye akafurahi siku nzima.

Kisha karanga hazikufaa, matrekta yakapunguzwa, bwana na memsabu wakaondoka kwao. Sikuwa na sababu tena ya kukaa Nachingwea.

Nilipofika Likunja nilimkuta yule mke analima peke yake shamba la mkwewe. Mkulima wa ufuta alikuwa ameoa mwingine. Na yule mama, kila mgeni aliyepita alimweleza kuwa mwanawe anakata nyasi Sidni siku za Jumamosi. Nilikaa siku tisa bila kuthubutu kupita mbele ya nyumba yao. Siku ya kumi nilikwenda. Wote wawili walikuwa uani, mama anachagua mbaazi kwenye ungo.

"Mama, Sidni sikufika," nikasema. "Mwanao sikumwona."

Aliendelea kuchagua. Baadaye akauliza, "Na mguu?"

"Ni uongo, mama."

"Na kazi?"

"Uongo."

"Na nyumba ile?"

"Ni ya watu wengine. Mimi sijaiona."

Aliingia ndani, akatoka na karatasi ile ikiwa imekunjwa ndani ya kitambaa kisafi, akanirudishia. "Hii si yangu," alisema. Yule mke alichukua jembe lake akaenda shambani.

Hitima ilisomwa Ijumaa iliyofuata. Nilipeleka ujumbe kwamba nitapika mimi. Jibu likaja kwamba wapishi wapo. Nilikaa nyuma kabisa, nikaletewa sahani kama wengine, nikashindwa kula. Hakuna aliyenitukana. Barazani walisogea kunipa nafasi na kuendelea kuongea habari za mvua. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza chochote kuhusu mahali popote.

Yule mke alikaa eda yake, na baada ya mwaka mmoja na zaidi aliolewa Namungo. Nilikutana naye sokoni Ruangwa miaka mitatu baadaye, ana mtoto mgongoni, anachagua chumvi. Maneno nilikuwa nimeyaandaa muda mrefu.

"Shemeji, nataka kukuomba radhi."

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Mume wangu asingekaa mwezi bila kumletea mama yake salamu, hata kwa mdomo wa mtu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Wangeona ni mke anayetaka mume mwingine." Aliweka chumvi kwenye kikapu. "Wewe ndiye uliyepaswa kusema. Nilikungoja useme. Kila lori la Nachingwea lilipofika Ruangwa, nilidhani umo."

Mtoto alianza kulia, akamtuliza. Kisha akaniaga kwa heshima, kama anavyoagwa mtu yeyote wa kwao, akashika njia yake.